Kapu gani kwa duka la Chake Chake? Uchambuzi wa kisa kimoja

Duka lenyewe liko Chake Chake, Pemba. Linauza viungo vya pakiti, asali, sabuni za mwani, mikoba ya ukili, misala na makawa, jumla bidhaa 38. Kaunta ipo na wateja wake wapo, lakini sehemu kubwa ya mauzo imehamia kwenye simu. Mteja wa Unguja anaona picha Instagram, anauliza bei WhatsApp, anatuma pesa, anapiga picha ujumbe wa muamala na kuutuma, kisha mzigo unapanda boti. Wa Dar es Salaam ni hivyo hivyo. Wapo pia walioko Muscat, wazee wao wako Wete na Micheweni, wanaotaka kulipa huko waliko na mzigo ufike kwa mama nyumbani.

Wafanyakazi ni watatu: mwenye duka, mdogo wake anayefunga mizigo, na kijana wa bodaboda. Fundi wa kompyuta wa kudumu hawana. Hilo liwekwe akilini tangu sasa, kwa sababu uamuzi wote ulilizunguka.

Kilichowasukuma kutafuta programu ya kapu, yaani ya tovuti ambayo mteja anachagua bidhaa, anaagiza na kulipa, ni kwamba oda zilikuwa zinazama ndani ya mazungumzo, hasa siku za mwisho za Ramadhani. Mkoba mmoja wa pekee ulikuwa unaahidiwa watu wawili. Na kubwa zaidi, zile picha za miamala. Ujumbe wa kughushi haujulikani kwa macho, na anayefunga mzigo siye mwenye simu inayopokea pesa, kwa hiyo hana pa kuhakiki.

Duka lenye oda tatu au nne kwa wiki halihitaji kapu. Katalogi ya WhatsApp Business inabeba bidhaa hadi 500, Lipa Namba inapokea pesa, na daftari linatosha. Hili la Chake Chake lilikuwa linafunga oda kama 60 kwa mwezi, na zaidi ya hapo kuelekea Iddi. Kwa kiwango hicho daftari halitoshi tena.

Anza na pesa

Wengi huanza kwa kuchagua sura ya tovuti. Kwa mfanyabiashara wa Zanzibar njia ya salama ni kuanzia mwisho: pesa ya mteja itaingia wapi, na programu itajuaje kwamba imeingia? Ukishalijibu hilo, nusu ya makapu yanajiondoa yenyewe.

Mafunzo mengi ya mtandaoni yanamwambia mtu afungue huduma za kupokelea pesa kama Stripe, PayPal au Shopify Payments. Stripe haimfungulii akaunti mfanyabiashara wa Tanzania. PayPal ya Tanzania ni ya kulipia, siyo ya kupokea mauzo. Shopify Payments haipo nchini. Kilichopo ni kampuni za malipo zinazofanya kazi hapa, kama Pesapal, DPO, Selcom, AzamPay na ClickPesa. Kwa mkataba mmoja na kampuni kama hizi duka linaweza kupokea pesa za mitandao ya simu, yaani M-Pesa, Mixx by Yas (iliyokuwa Tigo Pesa), Airtel Money na HaloPesa, na mara nyingi kadi za Visa na Mastercard pia. Siyo kila kampuni inabeba zote, na ndiyo maana duka liliuliza kwa maandishi, siyo kwa simu.

Waliuliza kama cheti cha usajili cha BPRA, wakala wa usajili wa biashara wa Zanzibar, kinakubalika, maana fomu inaweza kuwa imeandikwa kwa kumfikiria mfanyabiashara wa Bara mwenye cheti cha BRELA. Waliuliza makato ya simu ni asilimia ngapi na ya kadi ngapi, pesa inafika benki baada ya siku ngapi, na kama inaweza kuingia akaunti ya benki ya PBZ moja kwa moja. Swali lililoamua mambo lilikuwa la mwisho: mna plugini (programu ndogo ya kuongezea) ya kapu lipi, imesasishwa lini, na je, seva yenu inaipelekea tovuti taarifa ya malipo bila kutegemea kivinjari cha mteja? Asiyeweza kulijibu swali hilo kwa mstari mmoja ulionyooka hafai kwa duka dogo, hata makato yake yawe madogo vipi.

Makapu yaliyowekwa mezani

Yalikuwa manne. OpenCart iliondoka mapema: plugini iliyoandikwa kwa toleo la 3 haifanyi kazi kwenye toleo la 4 bila kuandikwa upya, na moduli ya malipo waliyoipata ilikuwa ya 3. PrestaShop ni programu nzuri, lakini moduli zake nyingi za maana hununuliwa moja moja, na kumpata fundi anayeijua Pemba ni kazi. Zikabaki Shopify na WooCommerce.

Shopify, ya Kanada, ilianza 2006. Ni duka la kukodi: seva ni yao, usalama ni wao, masasisho ni yao, wewe unalipa kila mwezi. WooCommerce ilianza 2011 na ikanunuliwa na kampuni ya Automattic 2015. Ni plugini ya bure juu ya WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, lakini seva, nakala za akiba na masasisho ni mzigo wako. Neno bure hapo linahusu programu tu. Kuiendesha kuna gharama.

Hesabu ilifanywa kwa mwezi wa kawaida. Oda 60, wastani wa TSh 45,000, ni TSh 2,700,000. Theluthi moja hulipa taslimu mzigo ukifika, kwa hiyo zinazopita mtandaoni ni oda 40, sawa na TSh 1,800,000. Tukikadiria makato ya kampuni ya malipo kuwa asilimia 3.5, ni TSh 63,000, na hayo yapo kwa kapu lolote.

Mpango wa Basic wa Shopify ulipigiwa dola 39 kwa mwezi, bei ya Marekani kwa anayelipa mwezi kwa mwezi. Kwa kukadiria dola moja ni TSh 2,600, inakuwa 101,400. Juu yake Shopify inakata asilimia 2 kwa kila malipo yanayopitia kampuni nyengine isiyo Shopify Payments, yaani TSh 36,000 hapa. Malipo ya taslimu hayakatwi. Jumla TSh 137,400.

WooCommerce ilipigiwa seva ya kukodi dola 10, yaani 26,000, jina la tovuti la .co.tz kama 3,000 ukiligawa kwa miezi, na fundi wa nje 50,000 kwa mwezi wa kusasisha na kukagua. Jumla TSh 79,000.

Tofauti ni TSh 58,400. Siyo pesa ya kudharau, wala haitoshi kuamua peke yake. Fundi huyo akikosekana, hesabu inageuka: WooCommerce isiyosasishwa miezi sita ni mlango ulioachwa wazi, na hapo Shopify ni chaguo bora kwa duka la watu watatu. Tunalisema hili bila kuzunguka, kwa sababu tovuti nyingi za WooCommerce zinakufa kwa kukosa mwangalizi wala si kwa ubaya wa programu. Duka hili lilimpata fundi kwa mkataba wa maandishi, ndipo likachagua WooCommerce. Lakini kilichoizamisha Shopify hasa kilikuwa fomu ya malipo. Kwenye mpango wa Basic huwezi kuongeza sehemu zako kwenye fomu ya anwani ya mteja, na kwa Pemba anwani ndiyo kazi yenyewe.

Anwani, boti na simu ya mama

Fomu ya kawaida inauliza mtaa, jiji, postikodi. Mtu wa Kangani hajui postikodi yake kwa moyo. Anajua wilaya, shehia, na kwamba nyumba iko nyuma ya msikiti. Kwa hiyo fomu ilipangwa upya: sehemu ya jiji ikawa shehia, mstari wa pili wa anwani ukawa alama ya karibu, iwe msikiti, skuli au duka, na postikodi ikaondolewa kabisa. Nambari ya simu ikawa ya lazima. Barua pepe ikabaki, lakini maelekezo yote ya maana yanakwenda kwa SMS.

Orodha ya mikoa haikuhitaji kuandikwa. WooCommerce inayo mikoa ya Tanzania tayari: Kaskazini Pemba na Kusini Pemba, na mitatu ya Unguja, ingawa imeandikwa kwa Kiingereza na Mjini Magharibi inasomeka Zanzibar West. Hiyo inarahisisha kanda za usafirishaji. Kanda ya kwanza iliwekwa mikoa miwili ya Pemba, nauli TSh 2,000, au mteja achukue mwenyewe dukani bure. Ya pili mikoa mitatu ya Unguja, mzigo kwa boti. Ya tatu Dar es Salaam. Ya nne Tanzania nzima. Ya tano Oman, ya sita kwengine kote.

Mpangilio una maana yake. WooCommerce inasoma kanda kutoka juu kwenda chini na kuishia ya kwanza inayolingana. "Tanzania nzima" ikikaa juu ya Pemba, mteja wa Gombani atatozwa nauli ya Mbeya. Kosa hili halionekani kwenye mipangilio mpaka mtu ajaribu oda, kwa hiyo ijaribiwe anwani moja kwa kila kanda.

WooCommerce yenyewe haipigi nauli kwa uzito. Kinachowezekana bila kununua plugini ni hesabu ndogo kwenye sehemu ya gharama: kwa Unguja, TSh 3,000 ya msingi na 500 kwa kila kipande. Kwa bidhaa zisizolingana, kama kawa kubwa na pakiti ya mdalasini, hutengenezwa madaraja ya usafirishaji, kila bidhaa ikapewa daraja lake: ndogo, chupa, na kubwa nyepesi. Hilo la tatu ndilo linalosahauliwa. Kampuni za vifurushi vya ndege kama DHL hutoza kwa uzito halisi au uzito wa ukubwa, wowote ulio mkubwa, na uzito wa ukubwa ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ukigawa kwa 5,000. Boksi la kawa lenye sentimita 50 kwa 50 kwa 25 ni 62,500, ukigawa unapata kilo 12.5, hata kama kwenye mizani ni kilo moja na nusu. Duka lingepeleka kawa moja Uingereza kwa nauli ya kilo mbili, lingekula hasara ya mikoba kumi.

Halafu mteja wa Muscat. Yeye analipa kwa kadi, anwani yake ni ya Oman, mzigo unakwenda Wete. WooCommerce inatenganisha anwani ya mlipaji na ya mpokeaji, na nauli hupigwa kwa ya mpokeaji, kwa hiyo hapo ni sawa alimradi ameweka alama kwenye kisanduku cha kupeleka anwani nyengine. Tatizo liko kwenye simu. Fomu ya zamani ya WooCommerce inauliza simu ya mlipaji tu, ya mpokeaji haipo. Kijana wa bodaboda anafika Wete, lebo ina nambari inayoanza na +968, anapiga, mlipaji yuko kazini Muscat hapokei, na mama amekaa barazani nyumba ya tatu kutoka hapo. Dawa ni kuongeza sehemu ya "Simu ya mpokeaji" kwenye anwani ya kupelekea mzigo, iwe ya lazima, na kuhakikisha inachapishwa kwenye lebo kwa herufi kubwa. Ni mistari michache ya msimbo wa programu, na pengine ndiyo yenye faida kuliko yote kwenye tovuti hii.

Nambari zenyewe zisafishwe. Watu huandika 0777, +255 777, 255777, na nafasi katikati. Zote zigeuzwe kuwa tarakimu 12 zinazoanza na 255 kabla ya kupelekwa kwa kampuni ya malipo. Wala mtandao usibahatishwe kwa tarakimu za mwanzo. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao Tanzania na nambari yake ile ile, kwa hiyo aulizwe: unalipa kwa M-Pesa, Mixx, Airtel Money au HaloPesa?

Pesa imeingia, oda imekufa

Hapa ndipo maduka mengi madogo yanaumia, na hapa ndipo muda mwingi wa majaribio ulitumika.

Fuata malipo ya simu hatua kwa hatua. Mteja anabonyeza kulipa. WooCommerce inaifungua oda ikiwa katika hali ya "Pending payment" (inasubiri malipo) na kuushikilia mzigo wake kwenye stoku. Kampuni ya malipo inasukuma ombi la PIN kwenye simu. Mteja anaandika PIN, pesa inatoka. Kutoka hapo zipo njia mbili za tovuti kupata habari: kivinjari cha mteja kurudi kwenye ukurasa wa shukrani, au seva ya kampuni ya malipo kuipigia tovuti moja kwa moja. Njia ya kwanza haiaminiki. Mteja yuko kwenye simu moja. Ombi la PIN limeifunika skrini, bando limekatika, au ameona SMS ya muamala akajua amemaliza na kufunga kila kitu. Njia ya pili ndiyo ya kutegemea, nayo ina maadui wake.

Wa kwanza ni ukuta wa ulinzi wa seva. Baadhi ya seva za kukodi huona ujumbe unaotoka kwa mashine isiyojulikana na kuukataa kwa jibu la 403. Mteja amelipa, kampuni ya malipo imejaribu kusema, mlango umefungwa. Unaligundua kwenye kumbukumbu za seva, na unamwomba mwenye seva airuhusu anwani hiyo maalumu ya taarifa za malipo.

Wa pili ni saa. Kwenye mipangilio ya stoku ya WooCommerce kuna "Hold stock" (kushikilia stoku), ambayo kwa kawaida ni dakika 60. Oda isiyolipwa ikipita muda huo inafutwa na stoku inarudi rafuni. Taarifa ya malipo ikichelewa na kufika dakika ya 75, inakuta oda imekwisha kufutwa. Kwa utaratibu wa WooCommerce oda iliyofutwa bado inaweza kupokea malipo na kufufuka, kama plugini imeandikwa vizuri. Lakini mkoba wa pekee umekwisha kurudi dukani na mwengine ameununua. Stoku inasomeka −1 na watu wawili wamelipia mkoba mmoja. Ndilo tatizo lile lile lililowatoa WhatsApp. Duka liliweka dakika 120. Zaidi ya hapo ungekuwa unaficha bidhaa kwa ajili ya watu waliokwisha ondoka.

Wa tatu hajulikani sana. WordPress haina saa yake. Kazi zake za ratiba hufanyika pale mtu anapoifungua tovuti. Duka lenye wageni wachache usiku linaweza kukaa saa nyingi bila kazi hizo kufanyika: oda hazifutwi kwa wakati, barua hazitoki, na plugini inayotakiwa kwenda kuuliza hali ya malipo haiendi. Fundi aliizima saa hiyo ya bandia kwa kuandika DISABLE_WP_CRON kuwa true kwenye faili la wp-config.php, akaweka ratiba halisi kwenye seva, kila baada ya dakika 5. Seva isiyoruhusu ratiba ya namna hiyo haikufikiriwa kabisa.

Wa nne ni kache, yaani nakala za kurasa zinazohifadhiwa ili tovuti ifunguke haraka. Kurasa za kapu, malipo na akaunti zisihifadhiwe kwenye kache hata kidogo. Zikihifadhiwa, mteja mmoja anaweza kufungua kapu akakuta vitu vya mwengine, au fomu ikakataa kila anapobonyeza.

Na kuna kizingiti kilichowakamata siku ya kwanza. Kuanzia toleo la 8.3, Novemba 2023, duka jipya la WooCommerce hufungua ukurasa wa malipo wa aina mpya, wa vitalu, yaani vipande vinavyopangwa kwenye ukurasa. Plugini ya malipo ambayo haijaandikwa kwa ajili yake haionekani pale kabisa: imewashwa, imejazwa funguo zake zote (nambari za siri za kuiunganisha na kampuni ya malipo), na mteja anaambiwa hakuna njia ya kulipa. Watu wamepoteza siku nzima wakizikagua funguo. Ukiwa na plugini ya namna hiyo, futa kitalu kwenye ukurasa wa malipo na uweke msimbo mfupi (shortcode) wa woocommerce_checkout. Zile sehemu za shehia na simu ya mpokeaji nazo, zilizoandikwa kwa njia ya zamani, zinafanya kazi kwenye fomu hiyo ya zamani tu. Kwa kisa hiki sababu mbili zilielekea upande mmoja. Jambo la jirani: kuanzia 8.2, Oktoba 2023, maduka mapya huhifadhi oda kwenye majedwali mapya ya hifadhidata, na plugini ya zamani inayoandika kwenye majedwali ya zamani haitaigusa oda. WooCommerce inaonyesha onyo kwenye orodha ya plugini. Lisomwe, lisifungwe tu.

Majaribio yalifanywa kwa pesa ya kweli, TSh 1,000, kwa kila mtandao wa simu: lipa kawaida, lipa kisha funga kivinjari kabla ya kurudi, kosea PIN, lipa bila salio, zima data mara tu baada ya PIN. Kila mara maelezo ya oda yalisomwa ndani ya WooCommerce kuona nani ameibadilisha hali yake na saa ngapi. Oda iliyolipwa huku kivinjari kimefungwa isipogeuka "Processing" (imelipwa, inashughulikiwa) ndani ya dakika chache, usifungue duka. Na hakikisha plugini haiamini ujumbe mtupu: inapopokea taarifa inatakiwa iiulize kampuni ya malipo, kwa nambari ya muamala, kama kweli imelipwa na ni kiasi gani. Isipouliza, ujumbe wa kughushi umehamia kutoka kwenye SMS kuja kwenye tovuti.

Nambari za kadi hazikukubaliwa kuandikwa kwenye tovuti ya duka. Mteja hupelekwa kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo na kurudishwa. Sura inapotea kidogo, lakini duka la watu watatu lisibebe siri za kadi za watu. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna plugini iliyovunjwa iliyowekwa, zile za kulipia zinazogawiwa bure mitaani. Mara nyingi zinakuja na mlango wa nyuma.

Bidhaa

Kaunta na tovuti haziwezi kuchota stoku moja bila mtu kuandika kila mauzo papo hapo, na dukani saa ya msongamano hakuna anayeandika. Stoku ikagawiwa. Chupa 40 za asali: 25 zimeandikwa kwenye tovuti, 15 ni za kaunta, na hesabu inarekebishwa kila jioni duka likifungwa. Vitu vya pekee vilitolewa kaunta kabisa na kuwekwa alama ya kuuzwa kimoja kimoja.

Bei ziliwekwa bila desimali, TSh 15,000.00 inawachanganya watu bure. Alama ya sarafu nayo: WooCommerce huandika "Sh" kwa shilingi ya Tanzania na kwa ya Somalia vile vile, kwa hiyo ilibadilishwa kuwa TSh. Picha zilizotoka kwenye simu zilikuwa na megabaiti 3 hadi 5. Zilipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,200 na kuhifadhiwa kwa WebP, muundo mwepesi wa picha, chini ya kilobaiti 150. Mteja wa Micheweni analipia bando lake mwenyewe.

Asali ilifungiwa Tanzania, kwa sababu kuitoa nje kunataka nyaraka ambazo duka halina bado. Bidhaa za kula na sabuni hazikuingizwa mpaka mambo ya ZFDA (wakala wa chakula na dawa) na ZBS (taasisi ya viwango) yakae sawa. Karafuu iliachwa nje kabisa. Kwa Zanzibar mnunuzi wa karafuu ni ZSTC, shirika la biashara la serikali, na kuisafirisha bila kibali ni magendo. Kitufe cha "Weka kwenye kapu" hakimtoi mtu kwenye sheria hiyo.

Kuhusu kodi, kiwango cha kawaida cha VAT Zanzibar ni asilimia 15, Bara 18, na mafunzo mengi ya Kiswahili yameandikwa kwa 18. Duka lisilosajiliwa VAT liache sehemu ya kodi imezimwa. Lililosajiliwa liweke bei zenye kodi ndani: kwenye TSh 45,000 kodi ni 45,000 mara 15 gawa kwa 115, yaani TSh 5,870, siyo 6,750. Na barua ya oda inayotoka kwenye kapu siyo risiti ya kielektroniki ya ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar. Hiyo inatolewa peke yake.

Funguo ni za nani

Jina la tovuti liliandikishwa kwa jina la mwenye duka, kwa barua pepe yake. Akaunti ya seva vile vile, na ya kampuni ya malipo. Fundi alipewa ruhusa yake ya kuingia, inayoweza kufutwa. Maduka yanapotea hapa kuliko pengine popote: fundi ameandikisha kila kitu kwa jina lake, wakakosana au akahama, na duka likaanza upya na jina jipya. Nakala ya akiba hutoka kila usiku na kukaa nje ya seva ile, na mara moja kwa mwezi hufunguliwa mahali pengine kuona kama inafunguka. Bidhaa zote hutolewa kwa faili la CSV (la jedwali), jambo ambalo WooCommerce inalifanya yenyewe, ili siku wakitaka kuhamia Shopify wasiandike upya vitu 38.

Duka lilifunguliwa baada ya Iddi, siyo kabla, kwa bidhaa 12 tu, WhatsApp ikiendelea. Anayeandika WhatsApp hakatazwi. Anatumiwa kiungo cha bidhaa, na asiyeweza anaandikiwa oda na duka lenyewe ndani ya WooCommerce, kisha anatumiwa kiungo cha kulipia. Kwa njia hiyo oda zote zinakaa pahala pamoja, vyovyote zilivyoingia.

Kila jioni mfungaji wa mizigo analinganisha vitu viwili: orodha ya kampuni ya malipo ya siku hiyo, na oda zilizo "Processing". Muamala uliopo kwa kampuni na haupo kwenye oda ni mteja aliyelipa na kusahauliwa. Anapigiwa simu usiku huo huo. Oda iliyo "Processing" bila muamala, na si ya taslimu, haifungwi. Inawekwa "On hold" (imesimamishwa), mwenye duka anaarifiwa, na boti ya asubuhi inaondoka bila mzigo huo.